Kamba, kaa, soseji na mahindi ya Kusini mwa Marekani: watu 24, oveni moja

BintiTanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam zenu.

Kwenye uzi wa mapishi ya sikukuu kuna mtu aliuliza swali. Anakaa ghorofani, ana wageni wengi, na anataka kuwalisha kile chakula cha bahari cha majimbo ya Kusini: kamba, kaa, soseji, viazi na mahindi, vinamwagwa mezani juu ya karatasi na watu wanakula kwa mikono. Tatizo lake hana uwanja wa kuwashia jiko la gesi. Nilianza kumjibu kule kule, nikaona jibu linataka kuwa refu kuliko uzi wenyewe. Nimelileta huku.

Mimi nipo Houston, Texas. Wenye nyumba zao hapa wanatoa jiko la mtungi uani, wanateleka sufuria la kumwogeshea mtoto, kazi imeanza. Sisi wa apatimenti mikataba mingi inakataza moto wa gesi barazani, na kusema kweli wana haki, ukuta wa jirani uko hapo hapo. Inabaki oveni.

Niseme mapema ili tusilaumiane: oveni haichemshi. Sufuria lile uzuri wake hauko kwenye kuchemka, uko kwenye kulowana. Moto ukizimwa, vitu vinakaa mle ndani kwenye maji ya viungo na kunywa taratibu. Oveni haina maji ya kunywa. Kazi hiyo inabidi ifanywe na siagi, na siagi haipiti kwenye ganda la kamba lililofungwa. Kwa hiyo kila kamba lazima apasuliwe mgongoni kwa mkasi, kuanzia shingoni hadi karibu na mkia, ganda libaki mwilini. Ule uzi mweusi unautoa hapo hapo. Kazi hii inachosha, tafuta wapwa wawili uwape mikasi na uwafungulie televisheni.

La pili ndilo linaloharibu shughuli nyingi. Mtu kaona video, vyote vimepangwa trei moja, vimeingia pamoja, vimetoka pamoja, kila mtu anacheka. Kwa watu wanne sawa. Kwa watu 24 utatoa viazi vinavyogoma kwenye meno na kamba waliokakamaa. Kiazi kinataka zaidi ya nusu saa, kamba anataka dakika 8. Hawa hawawezi kuingia mlango mmoja wakati mmoja.

Manunuzi yangu kwa watu 24 wazima wanaokula vizuri ni haya. Kamba wenye maganda, wasio na vichwa, paundi 10, yaani kilo 4.5 na kidogo. Miguu ya kaa paundi 8. Soseji ya ng'ombe iliyovutwa moshi paundi 4. Viazi vidogo vyekundu paundi 8. Mahindi matamu 16, kila hindi linakatwa vipande vitatu. Vitunguu maji 6 vikubwa, vitunguu saumu vichwa 5, malimao 10 na siagi paundi 3. Ndiyo, tatu. Ukiona nyingi, kumbuka inagawanywa kwa vichwa 24 na nusu yake inabaki kwenye trei, watu wanachovyea mkate.

Kwenye pakiti za kamba hapa mtaona namba kama 16/20 au 21/25. Maana yake ni kamba wangapi wanaingia paundi moja, kwa hiyo namba ikiwa ndogo kamba ni mkubwa. Kwa oveni chukua 16/20. Wale wadogo wanaiva kabla siagi haijashika ladha. Ukiwa karibu na Kemah au Galveston, huku pwani, unaweza kununua kwa wavuvi wenyewe, ila maji ya Texas kwenye Ghuba ya Meksiko hufungwa kwa uvuvi wa kamba kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Julai, ili wale wadogo wakue na watoke kwenda bahari kuu. Waliogandishwa hawana ubaya wowote. Wayeyushe usiku kucha kwenye friji au kwenye maji baridi, si juu ya kaunta.

Kaa najua nitasemwa. Kaa wa Kusini hasa ni yule wa buluu, na yeye hununuliwa akiwa hai na hutaka mvuke. Mimi kwenye oveni natumia miguu ya kaa wanaotoka Alaska na Kanada. Huuzwa wakiwa wameshapikwa na kugandishwa, kazi yangu ni kuwapasha tu. Wa kunilaumu alaumu.

Viungo vilivyochanganywa tayari: pata Old Bay, au Zatarain's ya unga, au Tony Chachere's. Hapa fungueni macho. Zatarain's ina mfuko mdogo wenye viungo vizima, mbegu na majani. Ule ni wa kutumbukiza kwenye maji, kwa oveni haukusaidii chochote. Halafu Tony Chachere's kitu cha kwanza kilichoandikwa kwenye kopo ni chumvi. Ukiitumia hiyo, kopo la chumvi lirudi kabatini kabisa. Siagi nayo iwe isiyo na chumvi. Soseji ina chumvi, kaa ana chumvi, kiungo kina chumvi, wageni wako watamaliza maji ya mtaa.

Mimi nachanganya mwenyewe: Old Bay vijiko vya chakula 6, paprika 4, pilipili manga 2, unga wa kitunguu saumu 2, pilipili kali ya unga kijiko kimoja, na sukari ya kahawia kijiko kimoja. Kwa watu wa Louisiana pilipili hiyo ni ya watoto, waongeze.

Sasa jikoni. Watu wanakula saa 1 usiku. Oveni ya kawaida ya hapa ina ngazi mbili, na kila ngazi inabeba trei moja ya sentimita 46 kwa 33. Trei ziwe za chuma, pana, kina kifupi. Zile za foili zenye kina ni za kupakulia. Ukipikia humo, vitu vinarundikana, vinatoa maji na vinachemka kwa mvuke wao wenyewe, rangi hakuna.

Saa 10 jioni chemsha viazi jikoni juu, maji ya chumvi na vijiko viwili vya mchanganyiko wako. Uma ukianza kuingia kwa kulazimisha, toa, chuja, kata katikati. Oveni iwe imeshafika 425°F, yaani kama 220°C. Pakaza mafuta ya kula, si siagi ya saumu. Saumu iliyokatwakatwa ikikaa dakika 30 kwenye moto ule inaungua na inakuwa chungu, na uchungu wake unaenea trei nzima. Viazi, soseji zilizokatwa mshazari na vitunguu vinaingia saa 11, trei mbili. Baada ya dakika 15 badilisha ngazi, ya juu iende chini. Baada ya 25 ongeza mahindi na viungo. Baada ya 40 toa.

Hapo sasa ndipo ujanja wa watu wengi ulipo. Chukua deli, lile la kubebea barafu, liwe tupu na safi. Limimine maji ya moto lipate joto, yamwage, tandika taulo. Viazi na mahindi hamishia kwenye trei za foili, funika, ingiza kwenye deli, funga. Vitakaa vya moto zaidi ya saa nzima na oveni yako imekuwa huru. Ukiwa na kipimajoto chomeka, visishuke chini ya 60°C.

Saa 12 na robo ni zamu ya kaa. Wapange, nusu kikombe cha maji chini, malimao yaliyokatwa juu, foili imefungwa kila pembe, dakika 12 hadi 15. Maji yale ni lazima. Bila mvuke nyama inagandamana na ganda na watu watakula hasira.

Wakati huo huo siagi iko jikoni kwa moto mdogo kabisa. Saumu iliyopondwa iingie, ipate joto bila kubadilika rangi. Halafu paprika, mchanganyiko wako, maji ya malimao manne na sosi ya Worcestershire vijiko vitatu. Kama ulipata kamba wenye vichwa, una bahati. Vichwa vile vikaange na mafuta kidogo, uviponde kwa mwiko, utaona mafuta ya rangi ya chungwa yanatoka. Tia maji vikombe viwili, chemsha hadi kibaki nusu kikombe, chuja kwenye siagi. Ladha hiyo hakuna kopo linaloiuza.

Kamba ni wa mwisho kabisa. Wakaushe kwa karatasi, wapake theluthi moja ya siagi, watandaze mstari mmoja bila kulaliana, paundi 2 na nusu kila trei. Kwa hesabu hiyo paundi 10 ni trei nne, raundi mbili. Raundi ya kwanza isiingie mpaka watu wameshanawa mikono. Watu ndio wamsubiri kamba, kamba hamsubiri mtu. Dakika 8 na moto wa juu wa dakika moja mwishoni. Kamba aliyejikunja kama herufi C ameiva, akifunga duara umechelewa. Wanapomwagwa mezani na siagi iliyobaki, raundi ya pili ndiyo inaingia, na itatoka wakati ya kwanza inaisha. Hii ni bora kuliko kupika wote mara moja, maana wanaochelewa nao wanakuta vya moto.

Maswali karibuni.

---

MzeeWaFeri

Nimeweka kigoda siti ya mbele. Binti, uzi mzuri, ila uzi wa chakula bila picha ni mateso. Sisi tulio Dar tunapata wapi hiyo Old Bay? Na oveni yangu ni ya jiko la gesi, inawaka chini tu.

---

BintiTanga

Mzee wangu shikamoo. Picha utazipata wikiendi, sasa hivi ningepiga picha sahani tupu.

Old Bay isikusumbue. Yule aliyeitunga, Gustav Brunn, alikuwa muuza viungo Myahudi aliyekimbia Ujerumani, akaanzia upya Baltimore mwaka 1939. Ukiangalia kilichomo, kinachoongoza ni chumvi ya seleri, paprika, pilipili nyekundu na pilipili manga. Wewe hapo Dar una pilipili manga, paprika iko supamaketi, mdalasini na karafuu tia ncha ya kisu. Seleri nunua mbichi, kausha majani kwenye oveni ya moto mdogo, saga na chumvi. Hiyo inatosha.

Kamba nenda soko la samaki la Feri asubuhi, uchague wakubwa wenye ganda gumu linalong'aa. Kichwa kikiwa kimeanza kuwa cheusi au kinaachia shingoni, pita.

Oveni ya kuwaka chini: weka trei ngazi ya juu ya katikati, na chini kabisa weka trei nyingine tupu ikingie moto wa moja kwa moja. Viazi vyako vichemke viive karibu kabisa jikoni, oveni iwe ya kuvipa rangi tu. Kama jiko lina grili ya juu, kamba wapikie hapo dakika 3 kila upande. Na trei za ukubwa niliotaja haziingii kwenye majiko mengi ya sentimita 50, kapime kabla ya kununua. Jambo moja zaidi: mahindi yetu mabichi si yale matamu ya huku. Yachemshe mpaka yawe laini ndipo yaingie kwenye oveni, la sivyo watu wataguguna.

---

Kijana_BatonRouge

Dada nakuheshimu lakini nitasema ukweli. Hicho ulichoandika ni chakula kizuri, ila si chakula cha huku. Louisiana watu wanakusanyika kwa ajili ya kamba wa maji yasiyo na chumvi (crawfish), wale wekundu wa kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga. Wananunuliwa hai kwa gunia, wanaoshwa, wanachemshwa nje watu wakiwa wamesimama na vinywaji. Huwezi kuwatia hao kwenye oveni. Na siagi yote hiyo ya nini? Mzee wa Kikajuni, yaani wale watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa, akiona unamwagia siagi atakushangaa.

---

BintiTanga

Kaka, kwa hao wa mabwawani nakubaliana nawe asilimia mia, sijawataja makusudi. Kitu kinachotakiwa kufa kwenye maji yanayochemka hakina kazi kwenye trei.

Kwenye siagi ndipo tunapoachana. Hiyo siagi ya saumu ni mambo ya Houston, imeletwa na Wavietnamu. Baada ya 1975 walikuja wengi kwenye pwani hii ya Ghuba, na wengi wakaingia kwenye kazi ya kuvua kamba kwa sababu ndiyo waliyoijua. Wakachukua chakula cha Wakajuni, wakakimaliza na siagi, saumu na malimao. Leo vijana wa kila rangi hapa mjini hicho ndicho wanachokijua. Kwa hiyo hii ya oveni usiipime kwa mizani ya Baton Rouge.

Tena hata kwenu New Orleans kuna kamba wa oveni wa siku nyingi. Pascal's Manale, mgahawa uliofunguliwa 1913, ndio unaosifika kwa wale kamba wazima na vichwa vyao kwenye siagi na pilipili manga, wanaoitwa kamba wa "barbecue", tangu miaka ya 1950. Jina ni barbecue, ila moto wa mkaa hawajawahi kuuona, na siagi inaogelewa.

---

Kijana_BatonRouge

Hapo umenipiga. Kwa Manale sina neno. Ila pilipili kijiko kimoja kwa watu 24 ni dharau.

---

WaNaivasha

Niingilie kidogo. Hao wekundu wa Louisiana mnaowataja tunao Kenya. Walipandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, wamezaana mpaka wamekula mimea ya ziwani. Wapo wanaowavua, ila nyumbani kwetu ukimpelekea nyanya sahani ya hao wadudu anakufukuza na sahani yako. Tunaweza kuwatumia kwa njia ya Kijana_BatonRouge?

---

Kijana_BatonRouge

Ni wale wale. Wawe hai wote mpaka dakika ya mwisho, aliyekufa mtupe. Waloweke kwenye maji safi, ubadilishe mpaka maji yasitoke na tope. Maji yachemke na chumvi, pilipili, malimao na saumu, watumbukize, yakirudi kuchemka hesabu dakika 3 hadi 5, zima, waache walowane dakika 20. Nyanya usimwambie ni nini, mpe mikia iliyomenywa tu.

---

Mzanzibari_Muscat

Assalaam alaykum. Dada BintiTanga, mimi nimekupenda kwa kutaja soseji ya ng'ombe, wengi hawaangalii. Lakini kuna jambo hukulisema. Nyama yaweza kuwa ya ng'ombe na utumbo uliofungiwa ukawa wa nguruwe. Kwa wenye wageni Waislamu ni muhimu kulijua.

---

BintiTanga

Waalaykum salaam kaka yangu. Umesema kweli tupu, na lilinipita kuliandika. Pakiti za hapa huandika, tena kwa maandishi madogo mwishoni, aina ya utumbo uliotumika. Nyama ya ng'ombe haitoshi, tafuta iliyothibitishwa halali. Houston maduka ya halali yapo tele, na soseji ya moshi ya ng'ombe au ya bata mzinga inapatikana. Zile laini za kukaanga asubuhi hazifai, zinasinyaa na kutoa maji.

Na tukiwa kwenye wageni: kabla ya kununua chochote, uliza nani anakula nini. Kwenye kundi la watu wa nyumbani hamkosi Msabato, na yeye kamba hali, kaa hali, kambare hali. Mwandalie samaki mwenye magamba na mapezi, sangara au changu wa huku, punje mbili za saumu na limao, trei yake peke yake na mwiko wake. Pia kuna ndugu zetu wa bara ambao kamba kwao ni mdudu tu. Hao wekea mapaja ya kuku, yaingie oveni mapema kabla ya viazi, yakae kwenye deli na wenzake. Ukiwapikia vizuri hakuna atakayejiona kasahaulika.

---

NesiMwanza

Naongezea kwa uzito: mzio. Mzio wa kamba na kaa unaweza kumpata mtu mzima ambaye miaka yote alikula bila shida, na si kuwashwa tu, koo linaweza kuvimba. Mwenye mzio asile viazi vilivyolala trei moja na kamba, hata kama kamba wameondolewa. Siagi ile imeshachanganyika. Ya kwake itolewe pembeni kabla ya kitu chochote cha bahari hakijaguswa. Mgeni akianza kuvimba midomo au kupumua kwa shida, mpigieni huduma ya dharura papo hapo, na kama ana sindano yake ya adrenalini atumie. Msianze na maziwa.

Na vilivyobaki mezani visikae zaidi ya saa mbili. Najua mkipiga soga mnasahau.

---

MamaKulwa_Savannah

Hodi humu. Nimesoma Texas na Louisiana wakigombana nikacheka. Njooni huku Georgia na South Carolina, kwenye visiwa. Kamba, soseji, mahindi na viazi ndiyo chakula cha huku pwani, wanakihusisha na kijiji cha Frogmore kisiwa cha St. Helena, na hakina pilipili za kukutoa machozi. Visiwa hivi ni vya watu wa Gullah Geechee, wajukuu wa Waafrika walioletwa watumwa, wengi kutoka pwani ya magharibi walikojua kulima mpunga. Ukanda wao kuanzia North Carolina hadi Florida ulitambuliwa na Bunge la Marekani mwaka 2006 kama eneo la urithi.

Nalileta hili kwa sababu ya tumbo. BintiTanga umelisha watu 24 bila wali! Mswahili gani huyo? Wali mwekundu wa huku unapikwa kwenye oveni, umeumbwa kwa ajili ya shughuli. Kaanga soseji iliyokatwa ndogo, toa. Kwenye mafuta yale kaanga vitunguu viwili, pilipili hoho na seleri, nyanya ya kopo ya kukoleza vijiko vinne ikaangike mpaka iwe nyeusi kidogo. Mchele mrefu vikombe 4 umeoshwa mpaka maji yatoke safi, ugeuze humo ndani upate mafuta. Nyanya zilizopondwa na supu kwa pamoja vikombe 7, zichemke kwanza. Mimina yote kwenye trei yenye kina, rudisha soseji, funika foili sawasawa, 350°F, dakika 45. Usifunue kuchungulia. Ukitoa uache umefunikwa dakika 10, halafu uuchambue kwa uma.

Mchele wa kwenye sufuria kwa watu wengi chini unaungua juu unakuwa mbichi. Oveni inauzunguka pande zote, kila punje inasimama peke yake.

---

BintiTanga

Mama Kulwa shikamoo. Nimekaa kimya kuhusu wali kwa sababu mezani kwangu mkate wa mahindi ndio unaofanya kazi ya kufuta siagi. Lakini huo wako unaingia kwenye ratiba vizuri, uwekwe saa 9 alasiri, utangulie kwenye deli. Nauiba.

---

Kijana_BatonRouge

Mkate wa mahindi na sukari au bila sukari? Jibu vizuri, urafiki wetu uko hapo.

---

BintiTanga

Bila. Unga wa mahindi wa njano vikombe viwili, baking pauda, magadi kidogo, chumvi, mayai mawili, mtindi vikombe viwili. Kikaango kizito cha chuma kinapashwa ndani ya oveni na mafuta mpaka uji ukimwagwa upige kelele. Ile kelele ndiyo inayotengeneza gamba la chini. Dakika 20. Wanaotaka sukari wapake asali wenyewe mezani, hatuwanyimi.

---

MamaKulwa_Savannah

Sahihi.

---

DogoKampala

Samahani wakubwa. Mie nina watu 10 tu, oveni ndogo ya umeme ya mezani, na kaa sina bajeti. Nipunguze vipi?

---

BintiTanga

Mdogo wangu, kaa mwache kabisa, hana lazima. Kamba kilo mbili, viazi kilo moja na nusu, soseji kilo moja, mahindi 7. Kama kamba ni ghali huko mbali na bahari, nusu yao badilisha na minofu ya sato. Ikate vipande vinene, ipake siagi ile ile, dakika 10 hadi 12. Viazi na mahindi malizia jikoni kabisa kwenye kikaango, oveni yako ndogo iwe ya kamba na samaki tu, raundi tatu za harakaharaka. Hizo oveni za mezani zinapoteza joto kila mlango ukifunguliwa, kwa hiyo panga trei inayofuata iwe imeshakaa tayari mkononi.

---

MzeeWaFeri

Swali la mwisho binti. Vikibaki?

---

BintiTanga

Vikibaki, mzee, kamba wamenye usiku ule ule, wasilale kwenye maganda. Vyote friji, siku mbili hadi tatu tu. Kesho usiwarudishe oveni, wataharibika. Kata viazi, soseji na mahindi yaliyopukuchuliwa, kaanga kwenye siagi iliyobaki mpaka vikauke pembeni, vunja mayai juu, kamba watie moto ukishazimwa. Maganda yote chemsha nusu saa na kitunguu, chuja, gandisha. Ni supu ya wali wa Mama Kulwa wa mara ijayo.